"Fundi, nije lini?" Namna ya kupanga maisha na kazi ukiwa na MS

Mteja akishapimwa na kitambaa kikawa mezani, hubaki swali moja: "Fundi, nije lini?" Kwa miaka mingi nililijibu huku mkono umeshashika chaki. Njoo Ijumaa. Njoo kesho jioni. Siku hizi swali hilo hunisimamisha, maana nina multipo sklerosisi, ugonjwa ambao sisi tunaougua tunauita MS tu, na mwili wangu hauniambii mapema hiyo Ijumaa utaamkaje.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetoka kutajiwa jina la ugonjwa huu na daktari, pamoja na wale wanaokaa naye nyumba moja. Dawa sitazizungumzia sana, hizo ni za wewe na daktari wako wa mishipa ya fahamu. Nataka tuzungumze jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Ganzi inaudhi, uchovu unaangusha, jicho likififia unaogopa, lakini kilichonila zaidi ni kutojua. Nilikuwa na siku nzuri nyingi nilizoziharibu kwa kuisubiri siku mbaya.

Kwa nini hakuna wa kukutabiria

Kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho, nyuzi za fahamu zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili huishambulia ala hiyo kana kwamba ni adui. Palipochubuka, ujumbe hupita kwa kusuasua au hukatika njiani, na baadaye hubaki makovu. Makovu hayo ndiyo aliyoyaeleza Jean-Martin Charcot mjini Paris mwaka 1868, na jina la ugonjwa limetokana nayo.

Kidonda kikiwa kwenye mshipa wa jicho, utaona ukungu. Kikiwa kwenye uti wa mgongo, miguu au kibofu kitasumbua. Wagonjwa wawili hawana vidonda mahali pamoja, kwa hiyo habari za mwenzako haziwezi kukueleza zako. Nilipoteza miezi nikijipima kwa mwanamke mmoja aliyeugua kabla yangu: akichechemea, nauangalia mguu wangu. Usifanye hivyo. Kwa watu kama 85 katika kila 100, ugonjwa huanza kwa mtindo wa kuja na kupoa, yaani shambulio, kisha nafuu, na katikati muda ambao hakuna awezaye kuupima. Wengine huzidiwa polepole tangu mwanzo.

Yagawe maswali kwa mwenye kuyajibu

Usiku wa kwanza baada ya kupewa majibu nililala nikitazama dari na maswali kama arobaini kichwani, yote yamesokotana kama uzi ulioanguka kwenye kibobini. Uzi wa namna hiyo ukiuvuta kwa nguvu unakaza. Unatafuta ncha moja.

Chukua karatasi. Andika kila kinachokunyima usingizi, bila mpangilio na bila kuona haya. Kisha rudi juu, usome swali moja moja, na mbele yake uandike nani anaweza kulijibu. Yangu mengine yalikuwa ya daktari. Kwa mfano: nitaweza kuzaa tena? Nilikuwa nimeshajijibu mwenyewe kwamba basi, hilo limekwisha. Kumbe wenye MS wanazaa. Mashambulizi hupungua mimba inapokaribia mwisho, na huongezeka miezi mitatu ya mwanzo baada ya kujifungua, hivyo jambo la kufanya ni kupanga mapema na daktari, hasa kwa sababu baadhi ya dawa lazima zisimamishwe au zibadilishwe. Swali lililonitesa wiki tano lilijibiwa kwa dakika sita.

Mengine yalikuwa ya mtu wa nyumbani. Niliandika: "Baba watoto ameshachoka na mimi?" Kwa mwezi mzima nilitafuta jibu kwenye namna anavyofunga mlango. Mwishoni nikamuuliza waziwazi. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mama watoto, mimi ninachochoka ni kubahatisha. Sijui leo nikusaidie au nikuache." Basi, naye alikuwa na kutojua kwake, na tulikuwa tumekaa nako chumba kimoja bila kusemeshana.

Yatabaki machache yasiyo na mwenye kuyajibu. Langu lilikuwa hili: miaka kumi ijayo nitakuwa natembea? Hayo yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari na uyape siku yake. Mimi nimeyapa Jumapili ya kwanza ya mwezi, nusu saa. Nafungua, nasoma, nalia kama kuna kulia, nafunga. Swali likibisha Jumatano usiku, nalikumbusha siku yake. Mwanzoni halitakusikia. Baada ya miezi mitatu hivi, langu lilianza kusikia.

Kanuni ya saa 24

Hii ndiyo iliyoniokoa kuliko nyingine, nami nitakaa nayo kidogo.

Jicho langu la kushoto liliwahi kushambuliwa, likapona karibu lote. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa napiga pasi suruali za sare, dirisha limefungwa, mvuke unanipiga usoni. Suruali ya nne, mstari wa mkunjo ukaanza kufifia. Nikafumba jicho la kulia: upande wa kushoto rangi nyekundu ya kitambaa cha mezani ilikuwa imepauka kama iliyofuliwa mara mia. Nilizima pasi nikakaa sakafuni. Nilijua limerudi, na safari hii haliponi. Nilimpigia dada yangu nikimwambia aje kuwachukua watoto.

Alipofika, dakika arobaini baadaye, nyekundu ilikuwa nyekundu.

Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika mwaka 1890 juu ya wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi, na baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni joto la mwili. Mshipa uliokwisha kuchubuka hupitisha ujumbe kwa shida, na joto likipanda hata nusu nyuzijoto tu unaweza kushindwa kabisa. Mwili ukipoa, unarudi. Hakuna kidonda kipya hapo. Ni lile kovu la zamani likilalamika.

Madaktari huita shambulio jipya pale dalili ngeni, au ya zamani iliyozidi, inapodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi. Kwa hiyo dalili ikitokea, fanya hivi. Andika saa. Poa: ondoka kwenye joto, kunywa maji baridi, weka kitambaa chenye maji shingoni. Pima joto la mwili. Jiulize kama mkojo unachoma, kama una mafua, kama hukulala. Kisha ungoje, huku ukiendelea na jambo jepesi, usikae kuikodolea macho dalili. Hisia ya sekunde chache, kama ule mshtuko wa umeme unaoteremka mgongoni ukiinamisha shingo, mara nyingi haitangazi shambulio jipya.

Mara ya pili haikuwa pasi. Niliamka miguu yote mizito, ngazi tatu za nyumbani nilizipanda kwa mikono. Nilidhani hapa hakuna ubishi. Vipimo vikaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo, sikuwa hata nimehisi maumivu. Nilitibiwa, na baada ya siku sita miguu ikarudi. Ndiyo maana usikubali kupewa steroidi, zile dawa za kupoza uvimbe wa shambulio, kabla mkojo haujapimwa. Steroidi zenyewe, jambo ambalo wengi hawaambiwi, huharakisha nafuu tu. Hazibadilishi sana utakapoishia.

Saa 24 ni za kupambanua, usizigeuze kuwa za kuvumilia. Ukishindwa kabisa kukojoa, miguu ikikatika nguvu kwa kasi, jicho likiuma na kuzima, mdomo ukipinda na maneno kukwama ghafla, usihesabu saa, nenda hospitali. Mwenye MS anaweza kupata kiharusi kama mtu mwingine yeyote.

Daftari dogo, na shati lenye vifungo sita

Mara ya kwanza niliandika kila kitu: kila mchomo, kila kizunguzungu, saa na dakika. Wiki ya pili nilikuwa mgonjwa kuliko nilivyokuwa wiki ya kwanza, kwa sababu ya kujichungulia. Daftari zuri ni fupi. Langu lina mistari minne kwa siku: usingizi saa ngapi, joto la siku, kazi gani nimefanya, na kitu kimoja kilichonishinda. Basi.

Juu ya hayo nina kipimo kimoja cha mkono. Jumatatu asubuhi, kabla sijaanza kazi, navaa shati la zamani lenye vifungo sita na kuvifunga vyote huku saa ikiwa mbele yangu. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vina ganzi, hivyo kifungo nakiona kuliko ninavyokihisi: nakisukuma kwa ukucha wa gumba, nangoja ukingo wake utokeze kwenye tundu kama mwezi mwembamba, ndipo navuta. Siku nzuri natumia sekunde hamsini. Siku mbaya ni dakika mbili na nusu. Hufanya mara moja kwa wiki, siku hiyohiyo na saa ileile. Wewe tafuta chako kutokana na kazi yako: kuandika mstari mmoja kwa kalamu, kushuka ngazi, kusoma aya kwa sauti.

Faida yake utaiona kwa daktari. Kuna kipimo maarufu cha ulemavu wa MS alichokitangaza John Kurtzke mwaka 1983, kuanzia 0 hadi 10, nacho hutegemea sana unavyotembea. Mimi ninatembea. Daktari mmoja akaniandikia namba ndogo, akatabasamu, akasema naendelea vizuri, wakati mwezi ule wote nilikuwa nimerudisha vitambaa vya wateja wanne. Nilitoka pale nikiwa mpweke kuliko nilivyoingia. Baadaye nikajua kuna hojaji kama MSIS-29, yenye maswali 29: 20 juu ya mwili na 9 juu ya moyo na akili, ikimuuliza mgonjwa mwenyewe ugonjwa umemwingiliaje wiki mbili zilizopita. Hata kama hospitali yako haiitumii, chukua muda huohuo wa wiki mbili. Kabla ya kwenda, fungua daftari, chagua mambo matatu yaliyokushinda, na uyaseme mwanzoni, kabla hujaambiwa utembee kwenye mstari. "Vifungo sita vilinichukua sekunde hamsini, sasa ni dakika mbili na nusu kwa Jumatatu nne mfululizo." Daktari yuleyule alipoisikia sentensi hiyo, aliweka kalamu chini.

Uchovu usioonekana

Uchovu huu wanao wagonjwa kama 8 kati ya 10, nao ndio unaogombanisha watu majumbani, maana hauonekani. Unakuja saa nne asubuhi, umetoka kulala. Mkasi uko mkononi, kitambaa kiko tayari, lakini amri ya kufunga mkasi haifiki. Neno "kola" limepotea, unasema "kile cha shingoni". Usiuite uvivu, wala usimruhusu mtu auite hivyo mbele ya watoto wako.

Ila usiubebeshe MS kila kitu. Omba kupimwa damu na tezi ya shingo, angalia usingizi wako, maumivu, sonona, na dawa unazotumia, maana vyote hivi huchosha na vingi vinatibika. Mimi nilikuwa naamka mara tano usiku kwenda kukojoa, na nilimficha daktari kwa mwaka mzima. Shida ya kibofu ni dalili ya MS kama ilivyo ganzi, na ina dawa na mazoezi yake. Sema.

Kazi ya kichwa na vidole, kama kukata na kuchora, naifanya asubuhi. Kupiga pasi nimeiacha kabisa, anafanya msaidizi. Napumzika kabla sijachoka, dakika kumi na tano kila baada ya saa moja, hata nikijisikia ninaweza kuruka. Hasa nikijisikia ninaweza kuruka. Siku nzuri ndiyo yenye mtego: unashona gauni mbili, unafua, unapanga kabati, kisha unalala siku tatu. Na mazoezi usiyaogope. Zamani wagonjwa wa MS waliambiwa watulie, leo inajulikana kwamba mazoezi ya kiasi husaidia uchovu wenyewe, mradi usijipandishe joto mno.

Namna ya kutoa ahadi

Hapo mwanzo nilikuwa na njia mbili, zote mbaya. Ama niliahidi kama mzima, nikashindwa, nikaomba radhi huku nadanganya kwamba umeme ulikatika. Ama nilikataa kazi kubwa zote, nikabaki na kubana suruali. Ya pili iliniumiza zaidi. Nilikuwa nimeshajifukuza kazi kabla ugonjwa haujanifukuza.

Sasa napima hivi. Naikadiria kazi kwa siku zangu za kawaida, tuseme siku nne, kisha naahidi kumi. Nakata kitambaa siku ya kwanza hata iweje, kwa sababu kilichokatwa fundi mwenzangu anaweza kukiunganisha, ila kisichokatwa kiko kichwani mwangu peke yangu. Naye huyo fundi mwenzangu tumeshapatana tangu nikiwa mzima, tukaandikiana tutakavyogawana malipo. Patano la siku mbaya lifanywe siku nzuri. Ukilifanya umelala kitandani, utakubali chochote.

Kwa mteja nasema sentensi moja: "Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mikono yangu ina siku zake, nikiona natetereka nitakupigia mapema." Simalizi hadithi. Wawili waliondoka. Wengine wamebaki.

Nyumbani tumeacha kuulizana "unajisikiaje?", swali ambalo lilikuwa likinifanya nichague kati ya kudanganya na kuhuzunisha watu. Asubuhi nasema namba, moja hadi tano. Tano ni siku yangu, niacheni. Tatu, mtu mwingine apike. Moja, msinisemeshe, nileteeni maji. Kijana wangu wa mwisho alipomwona baba yake akirudi kutoka kazini na uso mzito, alimuuliza, "Baba, shikamoo, leo ni namba ngapi?" Sasa sote tunataja.

Moyo, na kungoja majibu

Kungoja kipimo cha MRI, zile picha za ubongo, nakuogopa kuliko kipimo chenyewe. Merle Mishel, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1988 nadharia juu ya kutojua katika ugonjwa, na jambo moja ndani yake limenikaa: kutojua kwenyewe hakujawa kubaya wala kuzuri mpaka mtu aipime hali hiyo, akaiona kuwa hatari au nafasi. Nilibisha. Nafasi gani kwenye mwanga wa filamu ya ubongo wangu? Halafu nikakumbuka kwamba wale waliokuwa na uhakika kunihusu walikuwa wamehakikisha mabaya, nami nikiwa wa kwanza wao. Kutojua kumeacha mlango ambao mimi nilikuwa nimeshaufunga.

Lakini huzuni isiyoondoka ni jambo jingine. Sonona huwapata wenye MS kuliko watu wengi, na sehemu yake inatokana na ugonjwa wenyewe ulivyogusa ubongo. Ukipitisha wiki mbili hutaki kuona mtu, chakula hakina ladha, au unawaza ni afadhali usingekuwepo, mwambie daktari siku hiyohiyo na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Inatibika. Mimi nilitibiwa, na uchovu wangu ulipungua karibu nusu.

Na yale yaliyo mikononi mwako, yashike: usikose dawa, usivute sigara kwa sababu huharakisha kuzidiwa, nenda kwenye vipimo hata ukiwa mzima. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi, interferoni beta-1b, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Waliougua kabla ya hapo hawakuwa na hata moja. Mwaka 2017 ikapatikana okrelizumabu, ya kwanza kuidhinishwa huko kwa wale wanaozidiwa polepole tangu mwanzo. Ukisoma mahali habari za kutisha za MS, angalia kwanza ni za mwaka gani.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na kitambaa cha gauni la harusi la binti yake, laini, cheupe, cha kuteleza. Zamani ningekirudisha. Nilipima, nikaandika, nikafungua daftari kwenye zile Jumatatu: sekunde hamsini na tano, sitini, hamsini na nane. "Fundi, nije lini?" Harusi ilikuwa baada ya wiki saba. Nikamwambia kujaribisha ni wiki ya tatu, kuchukua ni wiki ya tano, na nikampa namba ya fundi mwenzangu. Alipotoka nilishika chaki, nikakata siku ileile.